Mshono wa Kati

Mimi ni fundi wa matanga na naogopa maji. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami sioni kichekesho kiko wapi. Fundi wa magauni ya harusi halazimishwi kuolewa kila Jumamosi. Kazi yangu ni kukata, kuunga na kushona. Kwenda na tanga ziwani ni kazi ya mwenye mtumbwi.

Tunaishi Hamugembe, na sebule ya nyumba yetu ndiyo karakana. Babu yangu mzaa baba alitoka pwani na sindano zake, akaja Bukoba kushona matanga ya mitumbwi ya ziwani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Baba akaishika kazi. Kaka zangu walikimbilia vyombo vya injini, na mimi, binti pekee, nikabaki na sindano, kifuniko cha chuma cha dole gumba na mgongo unaouma.

Baba alinifundisha kwa chaki, sakafuni. Kwanza alichora meli kubwa za zamani za Wazungu, zenye milingoti mitatu, kila mlingoti una matanga ya mraba yamepangwa moja juu ya jingine. Aliniuliza kwa nini hawakuweka tanga moja kubwa wakapunguza usumbufu. Nikasema labda walipenda mapambo. Akasema waliogopa. Upepo ukizidi wanakunja la juu, ukizidi tena wanakunja la kati, wanabaki na kitambaa kidogo cha kuwafikisha. Lakini mpango huo unataka watu wengi wa kupanda juu, na sisi mtumbwini tuko wawili.

Kisha akachora tanga la kwao babu, la pembe tatu, linaloning'inia kwenye mti mrefu ulioinama uitwao foromali. Hilo linaweza kwenda karibu kabisa na uso wa upepo, jambo ambalo yale ya mraba hayaliwezi. Ubaya wake ni pale unapotaka kugeuza upande. Lazima uizungushe ile foromali kwa mbele ya mlingoti, na mkono ukiteleza hapo, mmezama. Mwisho akachora tanga la pembe nne lenye mlingoti mfupi na mti mmoja unaokingama kutoka chini ya mlingoti hadi pembe ya juu. Ukiogopa, unachomoa ule mti tu, tanga linaanguka lote.

"Kila tanga ni jibu la woga wa mtu," Baba alisema. "Usiulize linakwenda mbio kiasi gani. Uliza aliyelibuni aliogopa nini."

Nilikuwa msichana mwenye haraka na mdomo. Nikamwuliza, haya, na la kwetu je? Akafuta chaki kwa kisigino akasema nitajua.

La kwetu ni la pembe tatu, la foromali, ila si la kitambaa cha marekani wala turubai. Tunalishona kwa viroba vya unga na mbolea. Tunavifumua, tunaviosha, tunavianika juu ya ua, halafu tunaviunga pande kwa pande kwa uzi wa nailoni, mara mbili. Mishono yote ilikuwa yangu isipokuwa mmoja, ule wa kati unaoshuka kutoka foromali hadi ukingo wa chini. Huo Baba aliushona mwenyewe, mwisho kabisa, kwa uzi wa pamba wa kushonea nguo, mshono mmoja wenye hatua pana. Nilipotaka kumsaidia alisema, "Huo niachie." Nami moyoni nikasema mzee amezoea shida za zamani, nailoni ilipokuwa haipatikani. Mara nyingi wateja walirudi na matanga yaliyopasuka katikati, wakafoka mlangoni, na Baba akashona upya bila kujibu kitu. Niliona aibu kwa niaba yake.

Mwaka jana macho yake yaliingia ukungu, akapasuliwa mtoto wa jicho, la kwanza kisha la pili. Kwa miezi miwili hakugusa kazi. Nikashona peke yangu. Siku ya kwanza nilipofika kwenye mshono wa kati niliuangalia ule uzi wa pamba, nikautupa kwenye kikapu cha vitambaa, nikachukua nailoni. Nilishona mara mbili na kupiga fundo kila hatua ya nne. Nilijivuta nyuma nikatazama kazi yangu, nikajiona nimeitoa familia yetu gizani.

Mume wangu ni mtu wa Izigo. Amekulia kwenye migomba na kahawa, katika nyumba ya Wakatoliki. Ili anioe alibadili dini, lakini hakubadili namna yake ya kufunga kamba. Anapeleka mikungu ya ndizi kwenye kambi za wavuvi kisiwani na kurudi na dagaa. Injini yake ilipokufa alirudi kwenye tanga, na hilo tanga jipya nilimshonea mimi. Alilichukua siku ya Jumapili, akaondoka nalo kwenda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, chini ya Izigo, huku akilisifia kwa majirani wote.

Jumatano asubuhi Baba alikuwa amekaa mlangoni na miwani yake myeusi ya hospitali. Aliomba nimpe kipande chochote cha kazi, mikono yake ilikuwa inamwasha kwa kukaa bure. Nikampa tanga lililokuwa bado linashonwa. Akalipapasa mshono kwa mshono, akitikisa kichwa kwa kuridhika, hadi akafika katikati.

"Hapa umetumia uzi gani?"

"Nailoni, Baba. Mara mbili, na mafundo. Sasa hata tembo halifumui."

Hakucheka. Alivua miwani, akanitazama kwa yale macho mapya yanayotoa machozi.

"La mume wako nalo?"

"Nalo. Leo ndiyo analitoa mara ya kwanza. Kuna nini?"

Akanieleza, kwa maneno machache, kitu ambacho alipaswa kunieleza miaka ishirini iliyopita. Babu alipofika huku alikuta watu wa migombani wanaingia ziwani. Walikuwa na nguvu na akili, lakini kamba kwao ilikuwa kitu cha kufungia mbuzi. Ile kamba ya chini ya tanga, demani, mtu wa pwani huishika mkononi, na upepo ukija ghafla huiachia. Wao waliifunga kwenye ubao kwa fundo la mbuzi, wakakaa wakala ndizi. Upepo ukishuka kutoka milimani, tanga haliachii, mtumbwi unalala ubavu. Babu alikemea akachoka. Mwisho akashona mshono unaoachia wenyewe. Ukizidiwa, unafumuka katikati, upepo unapita, mtu anarudi nyumbani na hasira zake.

"Na hukuniambia?" nilisema, sauti imenipanda.

"Nani atanunua tanga lililoshonwa ili lipasuke? Nilitaka nikuambie siku ya kukuachia kazi. Halafu macho yakaja." Akatazama chini. "Nenda, mwanangu. Mpigie simu huku unakwenda."

Nilipiga. Simu haikupatikana, maana mwaloni mtandao ni wa kubahatisha. Nilitia wembe wa kufumulia nyuzi mfukoni mwa gauni na kupanda bodaboda na kanga ya nyumbani. Njia yote nilipiga simu na kusoma dua, nikichanganya vyote viwili. Dereva akaniuliza kama nina mgonjwa. Nilimjibu ndiyo, nikamwomba aendeshe.

Nilimkuta. Nasema hivyo haraka kwa sababu ndivyo moyo wangu ulivyofurahi, kabla haujajua kilichonisubiri. Mtumbwi ulikuwa tayari majini, mikungu imepangwa hadi juu, tanga langu jeupe limefungwa kwenye foromali. Mume wangu alikuwa na maji magotini, anasukuma, pamoja na binamu yake mkubwa ambaye husafiri naye kila safari.

"Mae, waitu!" binamu alishangaa kwa Kihaya. "Shemeji, umekuja kutuaga na kanga ya jikoni?"

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, pumzi zinakatika. Mume wangu alisikiliza hadi mwisho, halafu akacheka, si kwa ubaya.

"Yaani kosa la tanga ni kwamba ni imara?"

"Lifumueni. Nusu saa tu. Nitashona upya hapa hapa."

"Mama, ndizi zinaiva. Watu wa kambini wananisubiri tangu juzi, na upepo mzuri ndio huu." Aliona uso wangu akapunguza sauti. "Nitaishika demani mkononi. Nakuapia. Sitaifunga."

Ninamfahamu mume wangu. Ni mkweli, na anasahau. Niliyatazama yale maji, ya kijivu, yasiyo na mwisho upande ule. Sijui kuogelea. Hadi siku ile sikuwahi kuingia hata kwenye mtumbwi uliofungwa ufukweni. Nikapandisha kanga, nikaingia majini, nikashika ubao na kujivuta ndani kama gunia. Mume wangu alijua maana yake, akataka kusema neno, akaniona nikiutoa wembe mfukoni, akaacha.

Saa ya kwanza ilikuwa nzuri, na mimi sikuifaidi hata dakika moja. Nilikaa katikati juu ya mikungu, karibu na mlingoti, macho yangu kwenye mkono wa mume wangu. Alikaa nyuma, mkono mmoja kwenye kasia analolitumia kama usukani, mwingine umeshika demani kama alivyoapa. Tanga lilijaa vizuri. Kila mtu angelisifia. Mshono wa kati ulikuwa umenyooka, hauna hata tundu linaloonyesha mwanga, nami niliuchukia.

Binamu alisema nichungulie nyuma, Izigo inavyopendeza kwa mbali. Sikugeuka. Niliuliza maboya yako wapi. Akasema yapo, mawili, chini ya mikungu.

Kisha maji yakaanza kuingia kidogo upande wa mbele, na binamu akawa anayakumba kwa kidumu kilichokatwa. Kidumu kikamponyoka, kikaelea kuelekea nyuma. Mume wangu akainama kukidaka. Kwa kuinama alihitaji mkono. Nikamwona akipitisha demani chini ya ubao, akazungusha mara mbili, akavuta. Fundo la mbuzi. Hakufikiri, mikono yake ilifanya yenyewe. Nilifungua mdomo nimwambie.

Upepo ulifika kabla ya neno langu. Uliteremka kutoka milimani nyuma yetu, ukayakunja maji kuwa meusi, na tanga likatoa mlio ambao sijawahi kuusikia sebuleni kwetu. Mtumbwi ukalala upande wa kushoto. Mikungu ikaserereka yote upande ule, ikalifunika lile fundo, na kamba yenyewe ikawa imenyooka nje juu ya maji mahali ambapo hakuna mkono wa kufika. Maji yaliingia kwa ukingo mzima. Mume wangu alilala juu ya kasia kwa mikono miwili akijaribu kuugeuza mtumbwi, akipiga kelele kwa Kihaya. Binamu alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nasema shahada, naisema vibaya, narudia mwanzo.

Nataka niseme ukweli kuhusu woga ule. Sikuwaza watoto wetu, sikuwaza dua wala akhera. Niliwaza kwamba maji ni ya baridi na kwamba sitaki. Hilo tu, sitaki, sitaki, kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Na bado mkono wangu ulikuwa umeshika wembe.

Nikapanda juu ya mikungu nikaukumbatia mlingoti. Mshono wa kati ulikuwa mbele ya uso wangu. Nikaupiga wembe. Uzi mmoja ukakatika, na fundo la hatua ya nne likashika. Nikakata mwingine, fundo likashika. Nilikuwa nimeshona vizuri mno. Nilikata nyuzi nne, tano, na mshono ukafunguka upana wa kidole, huku maji yakinifika kiunoni nikiwa nimesimama juu ya ndizi. Nilijitukana kwa sauti, kwa lugha zote ninazozijua.

Kuna kitu Baba alinikataza tangu siku ya kwanza, kupitisha wembe kwenye kitambaa kilichokwisha kushonwa. Alisema fundi anafumua, hakati. Nikaacha mshono. Nikaingiza wembe kwenye kiroba chenyewe, katikati ya maandishi ya mbolea, nikajiachia kwa uzito wangu wote kuelekea chini.

Kiroba kilichanika kwa sauti kubwa, chini kwa uzito wangu na juu kwa nguvu ya upepo, kikapasuka hadi kwenye foromali. Upepo ukapita katikati yake. Mtumbwi ulisita, halafu ukainuka polepole, umejaa maji, mikungu inaelea ndani yake na mingine imekwenda zake. Nilikuwa nimeanguka kifudifudi. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa unatoka damu, wembe ulikuwa umepita hapo pia, na sikuwa nimehisi.

Tulikumba maji hadi mikono ikafa ganzi. Wavuvi wenye injini walituona mchana, wakatuvuta hadi kisiwani. Pale mchangani mume wangu alikaa karibu nami, akaufunga mkono wangu kwa kipande cha shati lake.

"Niliifunga," alisema.

"Nilikuona."

"Sikujua kama nimeifunga. Wallahi sikujua."

Nilimwamini, na bado namwamini. Nililia, naye akalia, na binamu akaenda kusimama mbali ili asituone.

Kesho yake tulirudi kwa boti ya injini. Nilijifunika kanga usoni njia nzima. Nilipofika Hamugembe nilimkuta Baba pale pale mlangoni, na jirani akaniambia hakuwa ameingia ndani kulala. Nilimpigia magoti nikamsalimia, nikamweleza yote, pamoja na kukata kitambaa. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akashukuru Mungu kwa muda mrefu. Nilidhani yamekwisha. Nilianza kusikia njaa.

Kisha akaniuliza, taratibu, "Katika miezi hii miwili umeshona mengine mangapi?"

Sikuwa nimeyafikiria. Naandika hili kwa aibu. Tangu Jumatano asubuhi hadi dakika ile nilikuwa nimeogopa kwa ajili ya mtu wangu na kwa ajili ya mwili wangu, na wala haikunipitia akilini kwamba kuna wake wengine wanaongoja ufukweni. Yalikuwa manne.

Sikula. Niliwafuata wenyewe mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Kitendaguro, alinitukana matusi mazito na kunitupia tanga langu miguuni, nikalibusu. Wa pili nilimpata Kemondo, mtumbwi wake uko nchi kavu unapakwa lami, nikafumua na kushona pale pale kwa uzi wa pamba, mkono umefungwa. Wa tatu tulimngoja siku mbili kwenye mwalo wa Muleba, mimi na mke wake, tumekaa kwenye jiwe moja. Alipotokea, mke wake aliinuka akaondoka bila kunitazama, na alikuwa na haki.

Wa nne simjui. Alikuja siku ya mvua, mwanamume wa makamo mwenye koti la kijani, alikuwa na haraka. Sikumwuliza jina wala mwalo wake. Nimeuliza Bukoba nzima, nimeshuka mialo yote hadi huko mbele ya Muleba, nimeacha namba yangu ya simu kwa wauza dagaa na wapakuaji. Baba naye huuliza, akishikwa mkono. Upepo ukianza kuitikisa migomba ya Hamugembe huwa nashindwa kushika sindano, nakwenda kusimama uani.

Nakumbuka tulivyoagana. Alikuwa ameshalibeba tanga begani. Alisema yeye ni mtu wa kahawa, ziwa ndiyo kwanza analianza, akaniuliza ile kamba ya chini inashikwa mkononi au inafungwa. Nilikuwa na kazi nyingine mapajani, sikuinua hata kichwa. Nikamwambia afunge tu.